Kochi halikwami mlangoni, linakwama kwenye kona

Simu nyingi nazopigiwa zinaanza hivi: "Fundi, mlango nimeshapima, kochi linapita vizuri tu." Sawa, tunafika, tunabeba, mlango wa chini unapita kweli, alafu ghorofa ya kwanza pale ngazi zinapokata kona ndo tunasimama wanne tunatoa jasho, mwenye kochi yuko juu anachungulia anauliza kuna nini. Kuna kona mama, na kona hujaipima.

Kazi hii ya kuhamisha samani nimeifanya miaka mingi, na kama kuna kitu kimoja ningependa watu wajue kabla ya kununua ni kwamba urefu, upana na kimo havitoshi. Kinachoamua ni ulalo, yaani kipimo cha mshazari kochi likiwa limeinamishwa. Chukua kochi lenye kina cha sentimita 95 na kimo cha 85 (miguu ushaitoa), mlango una uwazi wa 80. Ukiangalia hizo namba unasema haliingii, 95 haipiti na 85 haipiti. Sasa chukua fimbo iliyonyooka, hata mti wa fagio, uweke juu kabisa ya mgongo ushuke mpaka ncha ya mbele ya mkono wa kochi. Kisha toka kona ya chini ya nyuma, pima kwenda kwenye ile fimbo kwa pembe mraba. Kama mkono una kimo cha 45 utapata kama 78. Linapita! Kwa kuinamishwa, na sentimita mbili za kupumua, lakini linapita.

Na hapo bado hujagusa mlango wenyewe. Watu wanasahau kwamba ubao wa mlango ukifunguka unakula upana, kwaiyo ukiuchomoa kwenye bawaba unarudishiwa kama sentimita 4 hivi, dakika tano tu na bisibisi. Miguu ya kochi nayo mingi inafunguliwa kwa mkono, zungusha tu, lakini utashangaa mangapi nimekuta yamekwaruza fremu nzima na miguu bado ipo.

Likikataa kwa kulala, tunalisimamisha wima kwa upande wa mkono, mgongo unatangulia kuingia, ukishavuka fremu unalizungusha taratibu ili kiti kiikumbatie fremu kisha kifuate. Ni kama ndoano inavyoingia kwenye kitanzi. Ukilisukuma moja kwa moja unapoteza muda na kitambaa kinachanika.

Haya, tukirudi kwenye kona. Kuna swali la hesabu linaitwa tatizo la kochi, mwanahisabati Leo Moser alilitoa mwaka 1966: korido ya upana wa mita 1 ina kona ya digrii 90, kochi kubwa kuliko yote linaloweza kupita lina eneo gani? Mwaka 1992 mwanahisabati mwingine, Joseph Gerver, akaleta umbo la kama mita za mraba 2.2195, limekaa kama mkono wa simu ya zamani. Napenda sana hili swali ila mimi lingenifilisi, manake kochi lao linateleza chini tu, haliruhusiwi kunyanyuliwa. Sisi ujanja wetu wote uko juu. Kona ikibana unalisimamisha kochi wima, unaligeuza pale pale kama mtu anavyogeuka, unalilaza tena.

Lakini sasa dari. Kochi la urefu wa 220 likitoka kulala kwenda kusimama halihitaji 220, linahitaji ulalo wake toka kona mpaka kona ya pili, na kama unene ni 85 huo ni karibu 236. Hili lilinifunza kabati, sio kochi. Nikiwa bado mgeni wa kazi nililiunga kabati likiwa limelala sakafuni, kimo 236, kina 60, dari 240, nikajiona nimemaliza. Kulisimamisha likagota juu, limeinama vile vile kama mlevi, manake ulalo wake ni 243 na nusu. Tukalifungua lote tukaliunga upya likiwa wima, na mwenye nyumba amekaa kwenye boksi anatuangalia, hasemi kitu, ambayo ni mbaya kuliko kusema.

Kwaiyo kwenye ngazi pima toka reli mpaka ukutani (sio ukuta kwa ukuta), pima toka ngazi mpaka dari pale kwenye kona, na angalia taa inayoning'inia. Kama huamini hesabu, unga maboksi kwa tepu yawe na saizi ya kochi, panda nayo. Majirani watakucheka, potelea mbali.

Wa chini ndo anabeba uzito mkubwa tukipanda, kwaiyo mwenye nguvu anakaa chini, na anayetoa amri awe mmoja tu. Lifti pima ndani na kimo cha mlango wake pia, nyingi ndogo ni kama 110 kwa 140, kochi refu linaingia kwa kuinamishwa au haliingii kabisa.

Dirishani kunawezekana, kuna mashine za ngazi ya umeme zinazopandisha mzigo kwa nje, na nyumba za zamani za Amsterdam zina boriti yenye ndoano juu kabisa kwa kazi hiyo hiyo. Ila kuvuta kwa kamba na mikono toka roshani mimi sifanyi, usinibembeleze. Reli ya roshani imewekwa kwa ajili ya mtu kuegemea, na kochi likianza kuyumba hewani hakuna wa kulisimamisha.

Juzi tena tumekwama ghorofa ya tatu, dakika arobaini, mwenye kochi kashaanza kuulizia fundi wa kulikata fremu na kuliunga tena ndani. Kijana wangu mmoja akainama akatazama chini ya reli ya ngazi: skrubu nne. Tukaomba ruhusa kwa msimamizi wa jengo, tukaitoa, kochi likapita bila hata kugusa ukuta, tukairudisha.