Sadaka ya mwanasiasa na mfuko wake: dhana potofu na ukweli

Mifano hapa ni ya Marekani, ambako wagombea urais wengi wameanika hadharani ritani zao za kodi, yaani fomu za kila mwaka za kipato na kodi.

Dhana: Asilimia aliyotoa mwaka fulani ndiyo kipimo cha moyo wake.

Mara nyingi hupima mfuko kuliko moyo. Mwaka 2004 Barack Obama na mkewe walipata dola 207,647, wakatoa 2,500. Mwaka uliofuata mauzo ya kitabu yalipandisha kipato chao hadi zaidi ya milioni 1.6, nao wakatoa 77,315. Watu ni walewale. Lakini mfuko mwembamba nao hauelezi kila kitu: dola 995 walizotoa Joe Biden na mkewe mwaka 2007, kwa kipato cha 319,853, ni kidogo kwa kipimo chochote.

Dhana: Tajiri hapotezi kitu, kodi humrudishia yote.

Mchango hupunguza kipato kinachotozwa kodi, haupunguzi kodi yenyewe shilingi kwa shilingi. Kwa kanuni zilizotumika hadi mwaka wa kodi 2025, aliye kwenye ngazi ya juu ya 37% akitoa dola 100 taslimu aliokoa 37, 63 zilimtoka.

Nafuu kubwa iko kwenye hisa. Chukua hisa zilizonunuliwa kwa dola 10,000, sasa zina thamani ya 100,000. Mwenye nazo akiziuza, faida ya 90,000 hutozwa kodi, na kwa kiwango cha 20% hiyo ni 18,000. Akizikabidhi kwa shirika la hisani bila kuziuza, kodi hiyo haimgusi, na hudai punguzo la kipato kwa thamani yote ya 100,000, mradi amezishika zaidi ya mwaka mmoja. Kikomo ni 30% ya kipato (taslimu ni 60%), na ziada husogezwa hadi miaka mitano mbele. Anayeishi kwa mshahara hana mlango huo.

Dhana: Kilichoandikwa kwenye ritani ndicho alichotoa.

Mwaka 2011 Mitt Romney, aliyegombea urais 2012, alitoa takriban dola milioni 4, akadai punguzo kwa milioni 2.25 tu. Alikuwa amesema hadharani kwamba hajawahi kulipa kodi chini ya 13%, na kudai zote kungemshusha chini ya hapo. Siasa ndiyo iliyojaza fomu ile! Kinyume chake, anayechukua punguzo la jumla, yaani kiasi kimoja kilichowekwa na sheria, haorodheshi michango yake mmoja mmoja.

Dhana: Akitoa fedha za kampeni au za wakfu wake, ametoa zake.

Fedha za kampeni ni za wachangiaji. Sheria inaruhusu zipelekwe kwenye hisani, ila si sadaka yake. Wakfu nao una mipaka: mwaka 2019 mahakama ya New York ilimwamuru Donald Trump alipe dola milioni 2 kwa matumizi mabaya ya wakfu wake, yakiwemo ya kisiasa.

Ukitaka kukagua mwenyewe, panga ritani za miaka mitano au zaidi, fungua Jedwali A (Schedule A), ukurasa wa kuorodhesha makato: kwenye fomu za miaka ya kodi 2018 hadi 2025, mstari wa 11 ni taslimu, wa 12 ni mali, wa 13 ni ziada ya miaka iliyopita. Huo wa 13 usiuhesabu kama sadaka ya mwaka huo.