Bondia wa Uzito wa Juu Aliyekaa Bila Pambano: Yanayoangaliwa Kabla ya Kibali

Kila pambano kubwa linapotangazwa hapa Kampala, sisi tunaoshughulikia afya ya mabondia huletewa malalamiko kwamba tunawanyima vijana riziki kwa kuchelewesha kibali cha kupigana cha mtu ambaye mashabiki wake wanamwona yuko fiti, kwa kuwa kila alfajiri anapanda mlima wa Kololo mbio. Mbio ni jambo jema. Hata hivyo, tunachotaka kujua ni raundi ngapi amepigana na mtu anayerudisha ngumi tangu pambano lake la mwisho.

Uzito wa juu huanza bondia anapopita ratili 200, yaani takriban kilo 90.7, na kwenda juu hauna kikomo. Bondia wa uzito mdogo hubanwa na mizani hata akiwa mvivu, lakini huyu mkubwa hana kinachombana isipokuwa kocha wake na nidhamu yake mwenyewe. Bondia wa uzito wa juu Andy Ruiz alimshinda bingwa Anthony Joshua mjini New York Juni 2019, kisha wakarudiana Saudi Arabia Desemba ya mwaka huohuo, Ruiz akaja ameongeza takriban kilo 7, akapoteza mikanda yote ya ubingwa kwa pointi. Hapo hakukuwa na miaka ya kukaa nje ya ulingo. Ilikuwa miezi sita tu iliyotumiwa vibaya.

Mtu akiacha mazoezi, damu yake hupungua maji ndani ya siku chache, na baada ya wiki mbili hadi nne uwezo wa mwili kutumia oksijeni huwa umeshuka kwa kiasi kinachoonekana kwenye vipimo. Nguvu za misuli, kwa upande wake, hudumu wiki kadhaa zaidi, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Bondia bado analipiga begi la mazoezi likayumba, watu wa gym wanashangilia, lakini mpandishe ulingoni na mwenzake wa kilo 100: kufikia raundi ya tatu mdomo uko wazi, kinga ya meno inachungulia nje, mkono wa kushoto umeshuka hadi kifuani, na ngumi ambayo zamani angeikwepa anaiona ikiwa imeshafika. Kukadiria umbali na wakati wa ngumi hakurudi kwa mbio wala kwa kuruka kamba. Nimelieleza hili mara nyingi, na bado ninaletewa video za mazoezi ya begi kama ushahidi wa afya, tafadhali msituletee.

Wengine hutujibu kwa kumtaja Tyson Fury, bondia wa uzito wa juu aliyekaa bila pambano tangu Novemba 2015 hadi Juni 2018. Wanachosahau ni kwamba kabla ya kukutana na Deontay Wilder Desemba 2018, alipigana kwanza na Sefer Seferi, kisha na Francesco Pianeta Agosti, na hata hivyo Wilder alimwangusha mara mbili kabla ya pambano kutoka sare. Muhammad Ali naye, baada ya kukosa ulingo tangu Machi 1967 hadi Oktoba 1970, alianza na Jerry Quarry, akafuatiwa na Oscar Bonavena, ndipo Machi 1971 akakutana na Joe Frazier, aliyemwangusha katika raundi ya 15 na kumshinda kwa pointi. Ikiwa Ali, kwa kipaji kile, alihitaji mapambano hayo na bado yakawa hayakutosha, promota anayemtoa kijana nyumbani moja kwa moja hadi pambano la ubingwa anahatarisha maisha ya mtu.

Ninajua kwamba mabondia wakubwa ni wachache nchini na kumpata wa kufanya naye sparing, yaani kupigana kwa mazoezi, ni kazi. Makocha, watumieni mabondia wepesi wenye kasi, wakibadilishana kila raundi, kwa glovu za aunsi 16. Wiki mbili za mwisho punguzeni wingi wa mazoezi hadi karibu nusu bila kupunguza ukali wake, wala msifanye sparing nzito katika siku za mwisho ili kuwaridhisha wadhamini.

Kuhusu faili la bondia anayeombewa kibali, andikeni tarehe ya pambano la mwisho, raundi zilizochezwa, matokeo, na kila nokauti, pamoja na ile ya gym. Utaratibu uliozoeleka kwa muda mrefu katika ndondi za ridhaa ni kwamba nokauti ya ngumi ya kichwa humweka bondia nje kwa siku zisizopungua 30. Akipata ya pili ndani ya miezi 3, atakaa siku 90, na ya tatu ndani ya miezi 12 humweka nje mwaka mzima. Katika muda huo sparing pia hairuhusiwi, jambo ambalo makocha wengi hulifanya kama halikuandikwa. Anayeficha nokauti hunyimwa kibali hata kama tiketi zimeshauzwa, na kocha aliyetia saini huitwa kujieleza. Picha ya ubongo iletwe pamoja na faili, na iwe imepigwa baada ya nokauti ya mwisho. Iliyopigwa kabla yake hatuipokei.