Mchanga wa Chwaka hauna mto

Kila nikisema utafiti wangu wa uzamivu ni modeli ya maji na mashapo, yaani hesabu ya namna maji yanavyokwenda na kubeba mchanga na tope, huulizwa: mto gani? Hapana mto. Ghuba ya Chwaka, mashariki mwa Unguja, haina mto wa maana unaomwaga maji humo. Maji matamu huchuruzika chini kwa chini kwenye mawe ya matumbawe. Nami fomula nilizofundishwa zilitungwa kwa milango ya mito, ambako mto huleta tope na bahari ikalitawanya.

Upande wa maji haukunisumbua sana. Unaikata ghuba viraba, kila kiraba unakipa kina chake, kisha mdomoni unayaacha maji yajae na kupwa, mzunguko mmoja kwa saa 12 na dakika 25 hivi. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likijaa ghuba hufika kilomita za mraba 50 hivi, likipwa zinabaki kama 20. Mikokoni maji huingia kwa kujikokota kwa sababu ya mizizi, halafu hutoka kwa nguvu horini, na nguvu hiyo ndiyo husaidia hori kama Mapopwe lisizibe.

Kilichonishinda ni mchanga. Modeli yangu ya kwanza iliuzamisha mapema mno, ukarundikana mahali ambapo mimi mwenyewe nimepita kwa miguu na hapana fungu la mchanga. Nilikagua kina, nikakagua saa za vipimo, wiki tatu zikaenda bure.

Siku moja ya bamvua, saa nne asubuhi, maji yamepwa kabisa, nilimkuta bibi mmoja akichokoa chaza. Nikamwonesha mchanga niliouchota.

"Huu ulikuwa majani, mwanangu," akasema, akachambua kibapa kimoja cheupe kwa ukucha. "Tazama wenziwe pale."

Pale palikuwa na Halimeda, mwani wa kijani unaojijenga kwa chokaa, vibapa vimeungana kama shanga. Ukifa, vibapa huachana na kuwa weupe. Sehemu kubwa ya mchanga wa ghuba hii imetoka humo. Nilikwishasoma hayo, tena zaidi ya mara moja, ila sikuwahi kuyaingiza kwenye hesabu.

Niliporudi nilijaza maji kwenye chupa ndefu ya kioo. Punje ya mchanga wa mtoni ilishuka wima. Kibapa kilishuka kikiyumba kama jani la mwembe, maana ni chembamba na kina vitundu ndani. Fomula yangu ilidhani kila punje ni jiwe la mviringo lenye kilo 2,650 kwa mita ya ujazo.

Kubadilisha kasi ya kuzama ni kazi ya mchana mmoja. Kigumu ni hiki: huku makazi ya viumbe ndiyo kiwanda cha mchanga, na majani ya bahari yaliyo jirani ndiyo huushika usichukuliwe. Juya, wavu wa kukokota, likiyang'oa, modeli haina budi kupunguza mchanga unaozaliwa na ule unaoshikwa, vyote viwili.

Basi sasa napima ukuaji. Naufunika mwani kwa mfuko wa nailoni, natia rangi nyekundu ya alizarini, nauacha. Nikirudi baada ya siku kadhaa, vibapa visivyo na rangi ndivyo vilivyoota. Juzi mifuko miwili ilichukuliwa na maji. Mmoja waliurudisha watoto, wakitaka kujua kwa nini nimeupaka mwani hina.