Je, wajua kwa nini semikondakta yenye sumaku hutengenezwa nyembamba?

Ukipita kwa mafundi simu wa Mwanga, hapa Kigoma, utaona bisibisi yenye ncha ya sumaku ikinyanyua skrubu moja moja. Ikisogezwa kwenye spika inanasa, maana ndani ya spika mna sumaku. Lakini silikoni, ile semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu) ambayo ndiyo moyo wa chipu zilizo kwenye bodi, haivutwi. Hata kompyuta nyingi kwa miaka mingi ziliundwa kwa mgawanyo huo: semikondakta ilipiga hesabu, diski ya sumaku ilitunza kumbukumbu. Je, kitu kimoja chaweza kufanya kazi zote mbili?

Chaweza, na namna yenyewe inapendeza mno. Huchukuliwa semikondakta iitwayo galiamu aseniki, kisha baadhi ya atomi za galiamu, tuseme 5 katika kila 100, nafasi zao hupewa manganizi. Kila atomi ya manganizi ni kisumaku. Ila visumaku hivyo vimetawanyika, na vikiachwa hivyo kila kimoja kitaelekea kwake. Kinachoviunganisha ni pengo. Galiamu hutoa elektroni 3 za kushikamana na majirani, manganizi hutoa 2 tu, basi linabaki tundu la elektroni moja. Tundu hilo halitulii. Huzunguka kama mjumbe wa nyumba kumi anayepita mlango kwa mlango na tangazo lilelile, na kila manganizi inayopitiwa huelekea upande mmoja na wenzake. Matundu yakiwa ya kutosha, tabaka zima linakuwa sumaku.

Sasa tuje kwenye wembamba. Manganizi haikubali kukaa humo kwa wingi. Joto likizidi wakati wa kutengeneza, hujitenga na kuunda vibonge vyake. Ndiyo maana tabaka hukuzwa ndani ya ombwe kwa takribani nyuzi 250 za Selsiasi, badala ya 600 hivi zilizozoeleka. Kwa joto dogo hivyo, baadhi ya atomi za manganizi hukosa nafasi ya galiamu na kujibana katikati ya nyingine. Hizo ni hasara tupu: kila moja hutoa elektroni 2 zinazoziba matundu 2, na juu ya hayo hukaa kinyume na manganizi iliyo jirani, nguvu zao zikafutana.

Dawa ni kulipasha tabaka upya, karibu nyuzi 200, kwa saa kadhaa. Atomi zilizojibana hutambaa hadi juu, na huko hunaswa na oksijeni ya hewani. Tabaka likiwa la makumi machache ya nanometa (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita), nyingi hufika. Likiwa nene, hubaki humohumo. Ushahidi unaonivutia kuliko wote ni huu: ukilifunika tabaka kwa galiamu aseniki tupu, hata ya nanometa chache, kulipasha hakusaidii, kwa kuwa njia ya kutokea imezibwa.

Timu ya Hideo Ohno wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, ilitangaza sumaku ya aina hii mwaka 1996. Mwaka 2000 Ohno na wenzake walichukua semikondakta ya jamii hiyohiyo, yenye indiamu badala ya galiamu, wakaiwekea volteji, na usumaku ukapungua au kuongezeka kadiri matundu yalivyofukuzwa au kuvutwa. Hapo pia wembamba ni lazima, kwa sababu nguvu ya volteji haipenyi mbali ndani ya semikondakta.

Kikwazo kikubwa ni joto. Hata tabaka bora za galiamu aseniki yenye manganizi hupoteza usumaku zikifika kiasi cha nyuzi 75 chini ya sifuri, na Kigoma hata usiku wa Julai haukaribii huko. Zimetangazwa semikondakta nyingine zinazodaiwa kubaki sumaku kwenye joto la kawaida, lakini kadhaa ziligundulika kuwa na vibonge vya metali, au uchafu wa chuma ulioachwa na koleo la maabara. Kipimo ninachokiamini ni cha volteji: badilisha idadi ya matundu, kisha uangalie kama usumaku nao unabadilika.