Bamvua, na kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku

Kila mtu wa pwani anajua kwamba maji hujaa na kupwa kwa sababu ya mwezi. Swali linalowakwaza wengi, hata waliosoma, ni hili: mwezi ni mmoja, na unapita juu yetu mara moja tu kwa siku. Sasa mbona maji hujaa mara mbili?

Isaac Newton alitoa jibu mwaka 1687, nalo liko kwenye tofauti ya mvuto. Uvutano hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Maji ya upande unaoutazama mwezi yako karibu nao kuliko kitovu cha dunia, kwa hiyo huvutwa zaidi kidogo. Maji ya upande wa nyuma yako mbali zaidi, hivyo huvutwa kidogo kuliko dunia yenyewe. Fikiria wakimbiaji watatu walioanza pamoja, wa mbele ana kasi, wa kati wastani, wa nyuma mzito: baada ya muda, nafasi imefunguka mbele na nyuma ya yule wa katikati. Ndivyo bahari inavyovimba pande mbili kwa mpigo, na dunia ikijizungusha, Lamu na Unguja hupitia mavimbe yote mawili. Mwezi nao unasonga, ndiyo maana mzunguko mzima huchukua saa 24 na dakika 50, na maji ya leo hujaa kwa kuchelewa kuliko ya jana.

Wengi hudhani mwezi unayanyanyua maji kwenda juu. Hauwezi. Nguvu hiyo ni takriban sehemu moja tu ya milioni kumi ya uzito wa maji. Kinachotokea ni kwamba maji husukumwa kwa ubavu, kidogo kidogo, kutoka eneo kubwa mno la bahari hadi yakakusanyika. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake, ni dogo kwa kazi hiyo, na mtu wa Mwanza hawezi kuyaona maji yakijaa na kupwa kwa macho.

Jua nalo limo. Mvuto wake kwa dunia ni karibu mara 180 ya ule wa mwezi, lakini liko mbali sana, kilomita milioni 150, kiasi kwamba upande wa mbele na wa nyuma wa dunia huvutwa karibu sawasawa. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo nguvu ya jua juu ya maji haifiki hata nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu kwenye mstari mmoja na nguvu hizo mbili hujumlishwa. Hapo ndipo penye bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, kwa kawaida siku moja au mbili baada ya mwandamo au mpevu. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake, tunapata maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Unguja, tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3. Ya maji mafu ni kama mita moja.

Jambo ninalolipenda zaidi ni saa. Kwa kuwa bamvua hufuata mpangilio uleule wa jua na mwezi, kila mahali huja na saa zake zilezile. Kwetu Unguja maji ya bamvua hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kwa hiyo wachokoaji wa pweza na akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani huikuta bahari imerudi mbali mchana kweupe, miamba iko wazi, kazi inafanyika kwa miguu. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, saa 4 asubuhi ndiyo maji yanajaa, na hata yakipwa jioni hayaendi mbali.