Kuitwa mkandarasi kwenye mkataba hakukufanyi uwe mkandarasi

Kuna kitu watu wa Bongo wanaamini miaka nenda rudi, eti ukishasaini karatasi imeandikwa mkandarasi binafsi basi bosi hadaiwi chochote, hakuna likizo, hakuna NSSF, akikuchoka anakwambia kesho usije. Sio kweli jamani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaangalia kazi inavyofanyika, haijali mmeitana nani, yaani kama unapangiwa saa za kuingia na kutoka, au unatumia vifaa vyake, au miezi mitatu ya karibuni umemfanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi (ambazo ni wiki moja tu ya kazi ya kawaida!), unahesabika mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na kimoja tu kinatosha.

Fundi anayekuja na drili yake, mnakubaliana bei ya kazi nzima, akimaliza anaenda kwa mteja mwingine, huyo ndo mkandarasi kweli. Ila dada wa mapokezi anayesaini daftari kila asubuhi saa mbili, sare kapewa na ofisi, huyo hapana, hata mkataba useme nini. Ukiachishwa kionevu nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) ndani ya siku 30, usichelewe.