Kabla Hujamwaga Zege Karibu na Kituo cha Hali ya Hewa

Malalamiko tunayopokea sisi tunaotunza vituo vya hali ya hewa siku hizi ni ya aina mbili. Mmoja anataka kituo kiondolewe apanue maegesho ya magari. Mwingine amekipiga picha kikiwa jirani na lami, kisha ametangaza kwamba rekodi zote za joto ni uongo.

Kipimajoto hupima hewa, si jua wala ukuta. Ndiyo maana hukaa ndani ya kibanda cheupe kinachopitisha upepo, mita 1.25 hadi 2 juu ya ardhi yenye nyasi fupi. Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) huweka vituo katika madaraja 5: daraja la 1 hutaka sakafu za zege, majengo na maji viwe mbali kwa mita 100, la 2 mita 30, la 3 mita 10. Kipimo cha daraja la 5 kinaweza kupotoka hadi nyuzi 5 za Selsiasi.

“Basi joto limeongezwa na lami!” Hapana, na hili tumelijibu mara nyingi. Lami iliyokuwapo tangu mwanzo hupandisha vipimo vya mwaka wa kwanza na wa mwisho vilevile. Kinachovuruga mwenendo wa miaka 30 ni badiliko: mti umekatwa, ukuta umejengwa, kifaa kimebadilishwa. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulikuta vituo vilivyokaa vibaya vikionyesha joto la juu la mchana likipanda polepole zaidi kuliko kwenye vituo vizuri, kwa kuwa vingi vilikuwa vimebadilishiwa vifaa. Wanaopiga picha vituo vilivyo jirani na lami walitarajia kinyume.

Kuhamisha kituo kuna utaratibu. Kipya na cha zamani hupima sambamba angalau mwaka 1, ikiwezekana 2. Huandikwa tarehe, mahali, mwinuko (mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa wastani wa nyuzi 0.65) na kupigwa picha za pande zote. Kisha takwimu hulinganishwa na za vituo jirani, ndipo marekebisho yafanywe, na vipimo vya awali vihifadhiwe bila kuguswa.

Kwa hiyo ukitaka kujenga, kumwaga zege au kukata mti karibu na uzio, tuandikie barua kwanza. Tutakuja kupima umbali. Kugusa vifaa ni suala jingine, na adhabu yake hutegemea sheria ya nchi. Tunajua wengi hupanda miti pale kwa nia njema. Mche nao tuarifuni, maana kivuli chake kitafika kwenye kibanda siku moja.